Tatu, Nne, Moja, Mbili

Siku Baba Mdogo alipoandika kwamba giaboksi ya ambulensi imeunguzwa na dereva, nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu kikiwa cha moto, na nashukuru Mungu nilikiweka chini kabla sijafungua mdomo.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya gereji, miwani imemshukia puani, karatasi yenye jina la gereji juu ya goti. Alisoma kwa sauti bila kuinua macho. "Giaboksi imeungua kutokana na uendeshaji mbaya. Haitengenezeki. Ibadilishwe yote." Kisha akaipuliza ili wino ukauke.

"Uendeshaji mbaya wa nani?" nikamuuliza. "Ambulensi ile ina dereva mmoja tu."

"Mimi sijataja mtu."

"Utamtaja vipi wakati dunia nzima inamjua? Ni kaka yako!"

Hapo ndipo aliponitazama. "Rudi kwenye nyaya zako, mwanangu. Mambo ya gia niachie mimi."

Ngoja nieleze vizuri, maana nikikasirika huwa naruka mambo.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Gereji ni ya Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, wamezaliwa tumbo moja na wamelala kitanda kimoja mpaka wakaota ndevu. Mjini wanamwita Profesa, kwa sababu hakuna aina ya giaboksi ya otomatiki ambayo hajaifungua. Na kusema kweli kazi anaijua. Ila ana ugonjwa mmoja, nao ni usafi. Kila kifaa anachokitoa kwenye gari anakiloweka kwenye petroli, anakisugua kwa brashi, anakifuta, anakiloweka tena, mpaka king'ae. Mteja akija anamnyooshea: "Hebu jitazame uso wako humu." Sisi tunaofanya kazi chini yake tunanuka petroli mpaka kwenye nywele.

Gerejini kulikuwa na mpaka. Meza yangu ilikuwa upande wa dirisha, yake upande wa shimo la kukagulia magari. Chochote chenye waya ni changu, chochote chenye mafuta ni chake. Huo mpaka aliuweka yeye mwenyewe siku ya kwanza niliyoanza kazi, na kila wiki alikuwa akinikumbusha.

Baba yangu, sasa. Baba ndiye dereva wa ambulensi ya zahanati, ile iliyo juu ya kilima. Miaka ishirini na sita anapanda na kushuka barabara ile na hajagonga hata kuku. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Wiki mbili kabla ya hiyo siku ninayoisimulia, ambulensi ilianza kuvuja mafuta ya giaboksi. Ikaletwa kwetu. Baba Mdogo akaifungua kwa chini, akatoa vali bodi, yaani lile bamba la chuma lenye vijia vya mafuta, akaliosha likang'aa, akabadilisha mpira uliokuwa unavujisha, akafunga. Ikatoka Ijumaa jioni imependeza. Jumamosi, na mama mmoja aliyevunjika mguu yuko nyuma, ambulensi ikashindwa kupanda kilima. Ikaguna, ikatetemeka, ikasimama katikati ya mlima mchana kweupe. Wapita njia wakambeba yule mama kwa machela hadi juu, na Baba akitembea pembeni ameshika chupa ya dripu. Gari likarudishwa kwetu gerejini.

Metroni, ambaye ndiye mkuu wa zahanati, ni mtu wa haki lakini hana utani. Alimwambia Baba mbele ya wauguzi wote: "Jumatano saa sita mchana nakwenda gerejini kuchukua ripoti ya fundi. Kama kosa ni la gari, litatengenezwa. Kama ni la dereva, dereva anarudisha funguo siku hiyo hiyo." Hiyo ndiyo ripoti Baba Mdogo aliyokuwa akiipuliza Jumatatu kwenye kile kiti chake. Ilikuwa imebaki kugongwa muhuri tu. Miaka ishirini na sita ya mtu, na mwisho wake aondoke akiitwa mharibifu wa magari. Na aliyempaka matope ni mdogo wake mwenyewe. Damu ilinichemka, sikufichi.

Halafu nilikuwa na sababu nyingine ya kukosa raha. Solenoidi za giaboksi ile nilizipima mimi.

Watu wanadhani gari la otomatiki linajibadilishia gia kwa uchawi. Uchawi wapi! Ndani ya giaboksi kuna mafuta yenye presha, na presha hiyo ndiyo inayobana klachi na kuingiza gia. Sasa nani anayeyaambia mafuta yapite njia ipi? Ni solenoidi. Kidude kidogo tu, hakizidi kidole gumba. Ndani yake kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana, na katikati ya huo waya kuna kipini cha chuma. Umeme ukipita, waya unakuwa sumaku na kukivuta kipini, tak! Umeme ukikatika, springi inakirudisha. Kipini hicho ndicho kinachofungua na kuziba tundu la mafuta. Kompyuta inatuma umeme, kipini kinaruka, mafuta yanapita, gia inaingia. Basi.

Ambulensi ile ina solenoidi mbili za kubadilishia gia, zimefungwa kwenye ile vali bodi iliyooshwa. Baba Mdogo alipomaliza kuziosha aliniletea mezani zinang'aa kama vijiko vya wageni. Nikapima waya wake kwa mita, zote sawa. Nikazigusisha kwenye betri, tak, tak. Nikamrudishia: "Hizi nzima." Kwa hiyo umeme ulikuwa mzima, kompyuta ya gari nayo haikuonyesha hitilafu yoyote. Na kama umeme ni mzima na gari halipandi, fundi yeyote utakayemuuliza atakujibu kitu kimoja, klachi zimeungua. Baba Mdogo hakuwa amekurupuka. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, kwamba sikuwa na la kumjibu.

Jumanne jioni nikaenda nyumbani kwa wazazi. Nilimkuta Baba sebuleni, chai mbele yake imepoa mpaka imefanya utando. Hajavua hata viatu. Mama alinikonyeza kutoka jikoni nisimchokoze, lakini mimi na kunyamaza wapi na wapi.

"Baba, niambie gari linafanyaje. Acha habari za mlima. Anza pale unapolitoa."

"Nimeshawaambia gerejini. Mdogo wangu alinicheka."

"Mimi sicheki."

Akaniangalia kwanza, kama anahakikisha. "Linaanza na tatu," akasema. "Tatu, nne, moja, mbili."

"Eti nini?"

"Unanisikia. Ukikanyaga mafuta linaondoka zito, ule uzito wa gia ya tatu. Likishika mwendo kidogo linaingia nne, injini inataka kuzimika. Ukivumilia, ghafla linakabwa shingo na injini inapiga mayowe. Hiyo ni moja. Mbele kidogo linalegea, mbili. Halafu basi, haliendi tena zaidi ya hapo."

"Una uhakika, Baba?"

"Binti, kabla hujazaliwa mimi nilikuwa naendesha malori ya gia za mkono. Gia naijua kwa makalio." Sikucheka, ingawa Mama alicheka jikoni. "Nikamweleza mdogo wangu, akaniambia otomatiki haiwezi kuanza na tatu, eti masikio yangu yamezeeka. Mbele ya mafundi wake wote. Mimi niliyemfundisha kushika usukani." Akageuza uso kuangalia ukutani, na mimi nikajua anauma meno asilie.

Nilitaka kusema neno la kumpoza, lakini kitu kingine kilikuwa kimenigonga kichwani.

"Baba, hebu zihesabu tena. Gia zipo ngapi?"

"Nne."

"Zote?"

"Zote nne zipo. Ila hazijui kupanga foleni."

Nikapiga ukelele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko akidhani kuna nyoka. Jamani, giaboksi iliyoungua haikupi gia zote! Klachi ikiungua inakunyima gia yake, au inateleza, au gari halitoki kabisa. Hii ya Baba ilikuwa inatoa zote nne, kila moja nzima na nguvu zake. Giaboksi iliyokufa inatoaje gia nne?

Nikaomba karatasi. Kompyuta ina solenoidi mbili lakini inatakiwa kupata gia nne, kwa hiyo inacheza na umeme hivi. Gia ya kwanza, solenoidi ya kwanza ina umeme, ya pili haina. Gia ya pili, zote zina umeme. Gia ya tatu, ya kwanza haina, ya pili inao. Gia ya nne, zote hazina. Nikaandika hivyo mistari minne. Kisha nikaigeuza yote, penye ndiyo nikaandika hapana, penye hapana nikaandika ndiyo, halafu nikatafuta kila mstari mpya unalingana na gia gani.

Tatu. Nne. Moja. Mbili.

Nikasoma mara ya pili. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinafanya kinyume cha kilichoamriwa. Kompyuta ikisema fungua, tundu linazibwa, ikisema ziba, linafunguka. Kwa nini, nilikuwa bado sijui. Lakini masikio ya Baba yalikuwa mazima, na klachi zilikuwa nzima, na mimi nilikuwa na mpaka saa sita ya kesho.

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa gerejini na Baba. Yeye na mdogo wake walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

"Baba Mdogo," nikasema, "naomba ile giaboksi."

"Giaboksi si kazi yako."

"Ina waya unaoingia ndani. Chochote chenye waya ni changu. Nani alisema?"

Mafundi wakaguna kwa nyuma, mmoja akajifanya anakohoa. Baba Mdogo alivua miwani, akaivaa tena. Alikuwa amenaswa na mpaka wake mwenyewe na alijua.

"Una mpaka saa sita," akasema. "Metroni akifika nagonga muhuri, hata kama gari liko vipande vipande."

"Gonga hata kwenye paji la uso wangu."

Kwanza nikachukua taa mbili ndogo za dashibodi, nikaziunganisha kwenye nyaya za solenoidi, moja kwa kila solenoidi, nikaziweka mapajani. Baba akakaa kwenye usukani, tukaenda barabara tambarare ya nyuma ya gereji. Taa zile zilikuwa zinanionyesha kompyuta inaamuru nini, na Baba alikuwa ananiambia gari linafanya nini. Taa ya kwanza ikawaka peke yake, maana yake kompyuta inataka moja. "Tatu," akasema Baba. Zikawaka zote mbili, inataka mbili. "Nne." Ikabaki ya pili tu, inataka tatu, na gari likakabwa tukapigwa mbele karibu nile dashibodi. "Moja hiyo, shika vizuri," akasema Baba, na nilimwona anaanza kutabasamu kwa mbali, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Tukarudi. Nikaliingiza gari juu ya shimo, nikamwaga mafuta, nikafungua sampu, lile trei la mafuta chini ya giaboksi. Mafuta ya klachi iliyoungua yananuka kama maharage yaliyoshika chini ya sufuria, hayo unayasikia hata ukiwa na mafua. Haya yalikuwa mekundu, mepesi, hayana harufu. Nikamwinulia Baba Mdogo beseni anuse. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, mikono kifuani. Alinusa mara mbili.

Nikatoa solenoidi zote mbili. Zinafanana kama mapacha: urefu mmoja, kichwa kimoja, kila moja imeshikwa na boliti moja. Mita ikasema nzima. Betri ikasema tak, tak.

"Si nilikwambia?" akasema Baba Mdogo kutoka juu.

Ilikuwa saa nne na nusu. Baba alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu mlangoni, ameshika funguo za ambulensi kwa mikono miwili. Nikatazama vile vidude viwili kiganjani mwangu na nilitamani kuvitupa ukutani. Mnataka nini? Mnalia vizuri, mnapimika vizuri, sasa mnataka nini?

Kisha nikajiuliza swali la kijinga. Huu mlio ni mlio wa nini? Ni kipini kinasogea. Sawa, kinasogea. Kinasogea kufungua, au kinasogea kuziba? Mlio hausemi! Miaka yote napima solenoidi kwa kusikiliza tak, kama kila fundi ninayemjua, na hakuna hata siku moja niliyojiuliza kipini kinaelekea wapi.

Nikaitia moja mdomoni.

"Ala! Sasa unazila?" akauliza Baba Mdogo.

Nikapuliza. Pumzi ikapita bila kizuizi. Nikaigusisha kwenye betri, tak, nikapuliza tena, pumzi ikagoma. Nikachukua ya pili. Bila umeme, pumzi ikagoma. Nikaipa umeme, tak, pumzi ikapita. Nikazirudia zote, kwanza hii kisha ile, mdomo umejaa ladha ya mafuta ya gia ambayo siwatakii hata maadui zangu.

"Baba Mdogo, shuka."

"Nini?"

"Shuka, tafadhali. Njoo upulize."

Kwa mara ya kwanza hakubisha. Akashuka ngazi, akapuliza ya kwanza, akapuliza ya pili, mimi nikimshikia betri. Uso ukambadilika.

Hazikuwa mapacha. Moja, isipokuwa na umeme, inakaa wazi. Nyingine, isipokuwa na umeme, inakaa imefungwa. Zina umbo moja, zinaingia kwenye tundu la saizi moja, zinalia mlio mmoja, lakini kazi zao ni kinyume. Na kila moja ilikuwa imefungwa mahali pa mwenzake. Ndiyo maana kompyuta haikuona kosa, kwa sababu kompyuta inajua umeme umefika, haijui mafuta yamekwenda wapi.

"Kiwandani lazima waliweka alama," nikasema. "Hawawezi kuwa wajinga kiasi hicho." Nikatoa kile kibanio kidogo kwenye kichwa cha solenoidi, nikakwaruza chini yake kwa ukucha. Ilikuwepo, chembe ya rangi ya njano, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, pale ambapo brashi haikufika.

Baba Mdogo akaichukua, akaisogeza karibu na miwani.

"Kulikuwa na nukta ya njano," akasema taratibu, kwa sauti ambayo Baba kule mlangoni asingeweza kuisikia. "Niliiona. Nikadhani ni uchafu. Niliisugua sana ile."

"Na mimi nilisikiliza mlio tu," nikamwambia. "Sikupuliza."

Alinirudishia solenoidi, akapanda ngazi, akaniambia bila kugeuka: "Zibadilishane. Funga." Niliona anapapasa mfuko wa shati, ile ripoti ilikuwamo. Akapita mbele ya kaka yake pale mlangoni bila kusema neno. Nilitaka nitoke shimoni nimkamate shati, lakini saa ilikuwa imekwenda na mikono yangu ilikuwa na kazi.

Nikazibadilisha. Nikafunga boliti, nikarudisha sampu, nikamimina mafuta mapya kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Ninafuta mikono, nasikia pikipiki inazima nje. Metroni akashuka nyuma ya pikipiki na gauni lake jeupe, akatazama saa ya mkononi. Saa sita kamili, wala hajazidisha dakika.

"Ripoti iko wapi?"

Baba Mdogo akapeleka mkono mfukoni, ukabaki humo humo.

"Iko mlimani, Metroni," nikasema mimi. "Panda gari tukakuonyeshe."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye mabuti yaliyolowa mafuta. "Likisimama njiani mtanibeba ninyi."

"Tutakubeba, na nyimbo tutaimba."

"Nitakaa nyuma," akasema, "anapokaa mgonjwa. Na hao mafundi waingie pia. Mgonjwa haji peke yake."

Basi tukajazana. Metroni kwenye kiti cha nyuma, mimi pembeni yake, mafundi watatu sakafuni na masanduku yao ya spana. Mbele alikaa Baba Mdogo, na kwenye usukani alikaa Baba. Alirekebisha kioo ingawa hakikuhitaji kurekebishwa. Akavuta pumzi, akaondoa gari.

"Moja," akasema kwa sauti.

Gari likaondoka jepesi, kama enzi zake.

"Mbili." Tukavuka njia panda. "Tatu." Mafundi wakaanza kushikana mabega. "Nne!" akasema, na mimi nikajikuta nimemshika Metroni mkono, nikauachia haraka maana nilikuwa nimeuchafua mafuta. Alijifuta kwa leso yake bila kulalamika.

Tukafika mguuni mwa kilima. Gari likajishusha lenyewe, tatu, kisha mbili, likaanza kupanda. Tukapita duka la simenti, tukapita ukuta wa shule. Halafu katikati kabisa ya mlima, pale pale liliposimama Jumamosi, Baba akakanyaga breki na kusimama.

"Lo! Limekufa tena?" akauliza Metroni.

"Halijafa. Nimesimama mwenyewe," akasema Baba. "Nataka kuondokea hapa hapa."

Watu wa pembeni mwa barabara walikuwa wameshaanza kutusogelea, nadhani wengine ndio waliobeba ile machela. Baba akaachia breki.

"Moja," akasema.

Ambulensi ikapanda! Watu saba na vyuma vyote vile, na ikapanda haiguni wala haitetemeki, injini inavuta sauti moja nzito tamu. Mafundi walipiga kelele mpaka bati la paa likavuma. Mmoja alitoa kichwa dirishani akawaambia watu wa barabarani waliotoa macho, "Ni sisi! Ni sisi tulioitengeneza!" na yeye hakugusa hata boliti moja. Mimi nililia. Sikufichi, nililia, na mafuta ya mikononi yakaishia mashavuni.

Juu ya kilima Baba akaegesha mbele ya mlango wa zahanati, akazima injini. Wauguzi walikuwa wameshatoka nje. Metroni akashuka, akakunja leso yake, akasimama mbele ya boneti.

"Nimeridhika na gari," akasema. "Sasa nataka kujua. Nani alikosea?"

Baba alikuwa ameshashuka, anatazama mbele tu, hakumtazama mdogo wake wala mimi. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, yamejipanga, nimeyalea tangu Jumatatu. Nikayameza. Sijui nilipata wapi nguvu hiyo, maana si kawaida yangu.

Baba Mdogo alitoa ile karatasi mfukoni. Akaichana mara mbili, akaiweka mfukoni. Akaomba karatasi kwa muuguzi, akaiweka juu ya boneti, akaandika muda mrefu, miwani inamteleza. Nilichungulia, nikaona hajaandika habari zangu.

"Niandike na mimi," nikamnong'oneza. "Nilizipima vibaya."

"Wewe nyamaza," akasema. "Anayefunga giaboksi ndiye anayejibu."

Alipomaliza akasoma kwa sauti. "Giaboksi ni nzima. Solenoidi mbili zilifungwa kila moja mahali pa mwenzake, kwa sababu fundi alifuta alama zake wakati wa kuosha. Fundi huyo ni mimi. Dereva hana kosa lolote."

Metroni akanyoosha mkono aichukue.

"Ngoja kidogo, Metroni," akasema Baba. Akasogea mpaka akasimama uso kwa uso na mdogo wake. "Soma tena hiyo ya mwisho."

"Dereva hana kosa lolote."

"Sijasikia. Injini inanguruma."

Injini ilikuwa imezimwa na funguo zilikuwa mkononi mwake. Wauguzi wakaanza kucheka, na Metroni mwenyewe akageuka pembeni kuficha mdomo. Baba Mdogo alivua miwani, akajifuta macho kwa mkono wa shati lenye mafuta, akavuta pumzi ya kujaza kifua, akapaza sauti mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani.

"Kaka yangu hana kosa lolote!"

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, akamwekea mkono begani.

"Sasa nimesikia," akasema.